Mkono wa Kushoto wa Remy Fontenot

Jumanne saa kumi alasiri, Odell Guidry aliketi nyuma ya wavu wa uwanja wa shule, akafuta jasho, akawasha kifaa chake cha kupima mwendo wa mpira. Alikuwa msaka vipaji wa timu moja kubwa ya besiboli. Miaka ishirini na minane alikuwa ameizunguka Louisiana nzima, na hakuwahi kupata kijana hata mmoja wa kuchaguliwa raundi ya kwanza, pale timu kubwa zinapogawana vijana kila mwaka. Kando yake walikaa wenzake kumi na mmoja wa timu nyingine, kila mmoja akijifanya amepita njia tu.

Remy Fontenot, mrushaji wa wenyeji, akashika nafasi yake katikati ya uwanja. Alikuwa na miaka kumi na minane. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na miaka kama themanini. Ngozi ilikuwa imekunjamana toka begani hadi vidoleni, na vinyweleo vyake vilikuwa vyeupe. Ulianza kuzeeka alipokuwa na kumi na mitano, msimu ule Kocha Thibodeaux alipompanga kila mechi.

"Babu, nenda kalale!" mashabiki wa wageni wakamzomea.

"Mleteeni mkongojo!"

Remy akazungusha mkono, akaachia. Mpira ukalia kwenye glavu ya mdakaji kama mlango uliobamizwa. Odell akatazama kipimo: maili tisini na tisa kwa saa. Akachungulia cha jirani: tisini na tisa. Mpigaji alikuwa bado hajanyanyua gongo.

"Mkono mzee unajua njia," jirani yake akasema, akaandika.

Kufikia kipindi cha sita kati ya saba mkono ulikuwa ukitetemeka. Remy aliushika kwa mkono wa kulia mpaka utulie, kisha akarusha tena. Kocha akamfuata.

"Bado una nguvu?"

"Ninazo, Kocha."

"Basi tumalizie, baba."

Akamaliza. Alirusha mara mia moja ishirini na saba, na wapigaji kumi na sita walirudi benchi bila kuugusa mpira. Odell alijikuta amesimama anapiga makofi, jambo ambalo watu wa kazi yake hawalifanyi.

Jioni alialikwa kwa akina Fontenot. Yvette, mama wa kijana, alimwaga kamba wa mtoni waliochemshwa na pilipili juu ya magazeti mezani. Remy alikula kwa mkono wa kulia.

"Tuongee taratibu," alisema. "Huu mwingine umelala."

Kweli, ulikuwa umelala kando ya chupa ya pilipili, vidole vimelegea.

"Mzee Guidry," Yvette akaanza, "wewe umeona mikono mingi. Huu una muda gani?"

"Mama, toka nizaliwe sijaona mpira kama ule."

"Sikukuuliza mpira."

Odell akamenya kamba, akamla, akamenya mwingine. "Ukipumzishwa mwaka mzima, unaweza kukaa sana."

"Nikipumzika mwaka mzima, nani atanikumbuka?" Remy akauliza.

Odell angeweza kumwambia, "Mimi." Ndilo lililokuwa jibu, na alikuwa nalo mdomoni. Lakini alimtaka kijana yule mwaka huu, si mwaka kesho. Akaomba limau.

Katika ripoti yake aliandika: *Mkono: miaka themanini, mwaminifu. Mwendo: tisini na tisa. Tumchukue kabla wengine hawajaamka.*

Julai, Remy alichaguliwa wa tisa nchi nzima. Mji mzima ulijaa ukumbi wa kanisa, watu wakambeba juujuu, wakiwa waangalifu upande wa kushoto. Odell alisimamisha gari pembeni mwa barabara akalia kwa furaha. Daktari wa timu aliupima mkono, akaupa misimu miwili. Ofisi ikasema miwili inatosha.

Mkono ulifariki Machi iliyofuata, kwenye kambi ya mazoezi, usingizini, kwa uzee.

Wakauzika nyumbani, ndani ya sanduku refu jembamba. Timu ilituma shada la maua la rangi zake. Remy, mkono mmoja wa shati umefungwa kwa pini, alipokea pole kwa mkono wa kulia.

"Siku ile tukila kamba," alimuuliza Odell, "ulijua?"

"Nilijua."

"Hata mimi." Akafikiri kidogo. "Lakini nilirusha, sivyo?"

"Ulirusha, mwanangu."

Yvette aliwatazama wote wawili, akaenda kumshukuru padri.

Langoni Kocha Thibodeaux alimshika Odell kiwiko, akashusha sauti. "Nina mwingine. Darasa la kumi. Juzi kaota vinyweleo viwili vyeupe kwenye kifundo cha mkono."

"Anarusha ngapi?"

"Tisini na sita, na hata hajakomaa."

Odell akatazama nyuma mara moja, makaburini, kisha akatoa kalamu.

"Mnacheza lini?"

"Alhamisi."

"Nishikie kiti cha mbele," alisema.