Jumapili Bila Waifai

Mwenye neno la kumwambia mwanawe Jumapili hagusi chombo chake Jumamosi. Fundi cherehani wa chumba cha mwisho aligusa, na haya ndiyo yaliyomkuta.

Binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa ng'ambo akifanya kazi za ndani. Mwajiri alimnyang'anya simu tangu siku ya kwanza, ikabaki kompyuta ya watoto wa nyumba ile, ambayo binti aliigusa kwa kuibia Jumapili mchana wenyewe wakitoka. Kwa hiyo mama mtu, ambaye simu yake ilikuwa ya vitufe tu, aliitunza laptopu aliyoachiwa na binti kama mtu anavyotunza yai. Siku za kazi aliifunika kitambaa. Jumapili aliifungua, inashika waifai ya mwenye nyumba, na uso wa mwanawe unachomoza.

Majirani aliwaambia binti yuko kwa shangazi yake, anajifunza kushona. Aliogopa macho ya watu. Mtoto akisemwa sana, alijiambia, husemwa hadi akaharibika. Basi saa ya kuongea ilipofika alifunga dirisha, akateremsha pazia, akapunguza sauti, na binti naye kule akanong'ona. Wapangaji wakambatiza Bi Kufuli. Hakuna aliyemgongea mlango ila mwenye suruali ya kupunguza.

Jumapili iliyotangulia binti alisema mkataba wake umekwisha. Ama arudi, ama asaini kwa miaka mingine miwili.

"Amua wewe, mama," alisema. "Jumapili ijayo uniambie neno moja tu, nirudi au nibaki. Jioni yake wanachukua karatasi."

Neno lilikuwa tayari ulimini, lakini picha iliganda, mdomo wa binti ukabaki wazi kama wa samaki, na mazungumzo yakakatika. Wiki nzima mama alishona huku neno lile likimkaa kooni. Rudi. Akaogopa laptopu isije ikaganda tena siku yenyewe.

Ndipo Jumamosi akaipeleka kwa fundi wa kompyuta, yule wanayemwita Daktari kwa sababu kila mashine kwake ni mgonjwa. Daktari akasema mgonjwa hana neno, ila mfumo wake umezeeka. Atamwekea mpya, na picha pamoja na programu ya kupigia vitabaki palepale. Kazi ilipokwisha, kurasa zilifunguka kabla kidole hakijainuka. Mama akafurahi. Hakujua, wala Daktari hakukumbuka, kwamba mtandao ule ulitoka kwenye kijiti cha intaneti alichokichomeka mwenyewe ubavuni mwa laptopu, na kwamba alikichomoa kabla ya kumkabidhi.

Na hapo ndipo kosa la mama lilipo, mwenzangu, lishike. Angeifungua nyumbani jioni ile angeona. Hakuifungua. Aliiweka kama nguo ya sikukuu, isichakae kabla ya siku yake.

Jumapili mchana alifunga dirisha, akateremsha pazia, akawasha. Mfumo mpya ulipendeza kama bibi harusi, lakini alama ya waifai haikuwapo. Si kwamba ilikuwa dhaifu, haikuwapo kabisa. Akazima, akawasha. Akaizungusha laptopu huku na huku kama mtu anayeitafutia redio mawimbi.

Alimpigia Daktari, aliyekuwa harusini, ngoma zikilia nyuma yake. Daktari akamwelekeza kwa subira afungue orodha ya vifaa, ashuke polepole, aseme anachokiona. Mama akasoma kwa herufi, kama alivyosoma darasa la pili. Kulikuwa na kifaa chenye alama ya njano. Akaambiwa akiondoe, awashe upya. Kikarudi na njano yake.

Daktari akaguna. Alisema dereva wa waifai, yaani kile kiprogramu kinachoiwezesha mashine kukitumia kifaa chake, haendani na mfumo mpya. Dawa ni kupakua dereva mwingine kutoka mtandaoni.

"Mtandao ndio sina, mwanangu," mama akasema. "Nitaufuataje mtandao bila mtandao?"

"Tafuta simu kubwa, mama. Ichomeke kwa waya, ikugawie intaneti. Jirani yeyote anayo."

Jirani yeyote. Mama alikaa akiutazama mlango. Angetoka na kuomba simu, angeulizwa ya nini. Akajaribu tena kuzima na kuwasha. Akaondoa kifaa, kikarudi. Alijua kabisa kwamba hakitabadilika, lakini kubonyeza kulikuwa rahisi kuliko kubisha hodi, na muda ukaliwa hivyo hivyo, kidogo kidogo, kama nguo inavyoliwa na nondo.

Mwishowe alitoka ukumbini, akabisha kwa Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja.

"Leo jua limechomoza magharibi," Mama Pacha akasema. "Karibu, Bi Kufuli. Umepotea chumba?"

Mama akaomba simu na waya wake. Halafu, kabla hajaulizwa, yakamtoka: binti hayuko kwa shangazi, yuko ng'ambo, anasubiri neno.

Mama Pacha alikwisha kuichomoa simu kwenye chaji.

"Tunajua, dada yangu. Ukuta wenyewe huu wa mbao. Kila Jumapili nawafukuza hawa wangu wakacheze barabarani, msikilizane na mwanao. Ungekuja tangu asubuhi."

Mama akatangulia kufungua mlango. Wakaingia pamoja chumbani, wakachomeka waya, wakaruhusu simu igawe intaneti. Wakampigia tena Daktari kwa simu ya vitufe, akaelekeza kwa sauti iliyopasuka: tafuta dereva, pakua, sakinisha, washa upya. Mstari wa kijani ukatambaa. Laptopu ikazima, ikawaka, na alama ya waifai ikatokea pembeni, imejaa.

Simu zilizokosa kupokewa zikamiminika, mfululizo. Chini yake kulikuwa na maneno. Mama akamwachia Mama Pacha asome, maana herufi zilikuwa zinacheza.

"Mama, nimepiga mpaka wenyewe wamerudi. Leo umeamua usipokee, nami nimekuelewa. Kusema nibaki ni kuzito mbele ya uso wa mtoto. Usijilaumu. Nimesaini."

Mama akavuta kibodi. Kwa kidole kimoja akaandika, rudi. Akatuma. Akaandika tena, rudi mwanangu, mashine iliharibika. Alama ikaonyesha yametoka, haikuonyesha yamefika. Ng'ambo kompyuta ilikuwa imeshazimwa, mpaka Jumapili nyingine.

Mama Pacha akasema atakaa naye kidogo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta pa kukaa. Chumbani mlikuwa na kiti kimoja.