Waya wa Buluu wa Bweni la Tatu

Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya kabati la mitambo, shavu limegusa saruji, vidole viwili vimeushika waya wa buluu wenye kibandiko cha "Bweni la Tatu". Kupitia upenyo wa chini ya mlango wa stoo niliona viatu vya bodi ya shule vikipita kwenda bwenini: jozi saba, sita zimepigwa rangi, moja imechoka. Kazi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ndogo sana. Kuvuta. Lakini niliikabili kwa uzito wa hakimu anayetafuta miwani yake kabla ya kusoma hukumu, maana nilijua ninachokitetea, na hakuna mwingine duniani aliyekijua.

Wakati huo nilikuwa kidato cha pili. Leo nipo cha nne, nina ndevu sita, na naweza kuyasimulia haya bila sauti kunipanda.

Ilikuwa likizo, na shule nzima ilikuwa imebaki na mwanafunzi mmoja, yaani mimi. Wazazi wangu walikuwa wameachana mwaka uliotangulia, kwa amani na kwa maandishi. Baba alidhani likizo ile ni zamu ya mama. Mama alidhani ni zamu ya baba. Sikuona sababu ya kuwatoa watu wazima kwenye imani zao. Nikaandika barua ya kuomba nibaki shuleni kujisomea, nikatia sahihi ya baba kwa mwandiko mzuri kuliko wake, nikaipeleka ofisini. Ulikuwa mzaha wangu uliofanikiwa kuliko yote. Wiki nzima ilipita bila mtu yeyote kupiga simu.

Bweni la Tatu lina vitanda arobaini. Thelathini na tisa vilikuwa mbao tupu, magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba. Nilikuwa nikihama kitanda kila siku ili nisionekane nina upendeleo.

Mtu niliyekuwa nikizungumza naye alikuwa Mama Funguo. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za ofisi tu. Sisi tulimwita hivyo kwa sababu ya pete ya chuma aliyoibeba kiunoni, yenye funguo za milango sitini na mmoja. Alikuwa mnene wa juu na mwembamba wa miguu, na magoti yake yalilalamika kwa sauti kuliko yeye. Kila jioni saa kumi na mbili nilimsikia akija, chwa, chwa, chwa, akisimama kila baada ya milango minne kupumua. Akifika kwangu alisimama kizingitini kama afisa wa gereza.

"Hesabu?"

"Mmoja, Mama. Hakuna mtoro."

"Mgonjwa?"

"Hakuna."

"Haya. Usimsumbue mwenzako."

Kisha alifunga. Maneno kumi, ukijumlisha yangu na yake. Siku nyingine nilianza kumngoja tangu saa tisa.

Lazima nikiri kwamba aliyeleta habari ya milango mipya ni mimi. Muhula uliopita, Jumapili moja, wakati wote wako kwenye chakula cha mchana, niliyachukua makufuli kumi na saba yaliyokuwa yananing'inia wazi milangoni nikayabadilishia milango: la maabara nikalipeleka jikoni, la jikoni kwenye choo cha walimu, na kadhalika, kwa haki na bila ubaguzi. Jioni Mama Funguo aliyabana yote kama kawaida. Asubuhi hakuna ufunguo uliokubali. Masomo yalianza saa nne, na shule nzima ilicheka hadi ikashika mbavu. Mimi nilicheka mpaka nilipomwona amepiga magoti mbele ya mlango wa jikoni, anajaribu ufunguo wa thelathini na kitu, midomo inahesabu. Baada ya hapo niliendelea kucheka kwa ajili ya heshima ya kazi tu.

Bodi ikaamua: makufuli basi. Kampuni mbili zikaitwa, kila moja ifunge mlango mmoja wa majaribio wakati wa likizo, halafu ichaguliwe moja. Mwalimu wa nidhamu, mtu mrefu anayezungumza kama analipia kila neno, akaniita.

"Mchawi mpe mwana kulea," alisema. "Utaijaribu milango yote miwili. Tafuta udhaifu. Andika ripoti."

"Nikiivunja, mwalimu?"

"Ndiyo kazi yenyewe. Usizoee."

Mlango wa maktaba ulifungiwa kifaa cha kampuni ya kwanza. Kila mlango wao unakuwa na umeme wake kutoka ukutani na betri yake ndani ya kisanduku. Mlango wa bweni langu ulifungiwa chake na fundi wa kampuni ya pili, kijana mwenye kalamu nne mfukoni na mapenzi makubwa kwa kazi yake.

"Waya huu mmoja tu," aliniambia, akiupapasa kama shingo ya farasi, "unabeba umeme na habari kwa pamoja. Unagusa kadi hapa, habari inakimbia mpaka kwenye kompyuta ya ofisi, inauliza, 'Huyu aingie?' Jibu linarudi, sumaku inaachia. Hatuchimbi ukuta kutafuta umeme. Betri ni moja kubwa, iko kabatini, inatosha milango yote."

"Na nani anazunguka kuikagua milango?"

"Hakuna," alisema kwa furaha. "Ndiyo uzuri wake. Unaiona yote kwenye kioo, umekaa."

Usiku ule sikulala kitanda chochote vizuri.

Nilifanya majaribio kwa uaminifu. Nilitumia kijiko, rula, kadi ya maktaba, sumaku ya maabara, na maombi. Milango yote miwili ilinishinda. Lakini siku ya tatu betri ya mlango wa maktaba ilianza kulia, pii, pii, pii, mchana kutwa, mpaka fundi wao akaja kuibadilisha. Hapo nikapata mwanga. Milango sitini na mmoja, betri sitini na moja! Lazima awepo mtu wa kuzizungukia. Mama Funguo angegeuka Mama Betri, lakini angekuja. Angesimama kizingitini na kuniuliza hesabu.

Kwa hiyo mlango wa waya ulitakiwa uaibike, mbele ya bodi nzima, siku ya maonyesho. Uzoefu wangu wote ulikuwa wa makufuli, na kufuli likifa hufa limekaza meno. Nikaona picha kabisa: mwalimu mkuu anagusa kadi, mlango kimya, anagusa tena, kimya, jozi saba za viatu zinahema, jioni wanaamua kununua vya betri.

Ndivyo nilivyofika nyuma ya kabati. Bweni na stoo vinapakana, na nilimsikia mwalimu mkuu akikohoa kabla ya kunyoosha mkono. Nikavuta.

Kulitokea tk moja ndogo. Halafu mlango wa Bweni la Tatu, ambao hakuna kadi iliyougusa, ukafunguka polepole wenyewe, kama mtu anayekupisha upite.

"Samahani, hii ni..." Fundi alisita. Nilisikia kalamu zake zikigongana. Kisha sauti yake ikapata miguu. "Hii ni pale mlango unapokosa umeme. Sumaku inaachia. Kukiwa na moto, waya ukaungua, watoto walio ndani hawafungiwi. Wanasukuma, wanatoka."

"Na ule wa maktaba?" aliuliza mjumbe mmoja, mama mwenye sauti ya ualimu.

Fundi wa kampuni ya kwanza alijibu bila kujua anachokijibu. "Wetu betri ikiisha unabaki umefungwa. Mpaka aje mtu."

"Mtu gani?"

Mimi ningeweza kujibu, lakini nilikuwa sakafuni. Waliamua pale pale, wamesimama, kununua vya waya.

Mwalimu wa nidhamu ndiye aliyenikuta. Alifungua stoo, akanitazama, akautazama waya mkononi mwangu.

"Umelifikiria hili mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulitaka waone kwa macho yao."

Kuna uongo unaousema na kuna uongo unaokuja wenyewe ukakukalia mabegani. "Ndiyo, mwalimu," nilisema. Akanipa mkono. Tangu nianze shule ile, hakuwahi kunipa mkono.

Jioni Mama Funguo alikuja mapema, haijafika hata saa kumi na moja na nusu. Hakuuliza hesabu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, akanipangusa vumbi kifuani kwa kiganja.

"Mwalimu ameniambia ni wewe, jambazi wangu."

"Mama, mimi sikuwa na nia..."

"Nyamaza nikushukuru. Miaka mitatu nawaomba wanipumzishe, wananiambia, 'Na milango tumwachie nani?' Magoti haya yameisha. Binti yangu kajifungua, mtoto ana miezi minne hajaniona hata siku moja. Leo wamesema naweza kwenda." Alicheka, akajifuta jicho kwa pembe ya khanga. "Sikujua kama kuna mtu alikuwa ananifikiria."

"Hongera, Mama," nilisema. Nilikuwa na maneno mengine. Yalikuwa ya mtu mwingine, mbaya kuliko mimi, nikayameza.

Alhamisi nilimbebea begi mpaka getini. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotegemea. Alikwenda bila kusimama kupumua.

Likizo ilikuwa bado na siku kumi na moja. Nilipewa kadi yangu, nyeupe, haina hata picha. Unagusa, taa inakuwa kijani, sumaku inaachia, unaingia. Ukiingia, mlango unajifunga nyuma yako kwa adabu, na basi.

Siku ya tano mwalimu wa nidhamu aliniita ofisini. Mbele yake kulikuwa na karatasi ndefu iliyotoka kwenye kompyuta, mistari imejipanga kutoka juu mpaka chini, saa, dakika na sekunde, na pembeni ya kila mstari jina moja.

"Jana mlango wa Bweni la Tatu umefunguliwa mara arobaini na nne," alisema. "Nani yuko na wewe mle ndani?"

"Hakuna, mwalimu."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natoka."

"Kwenda wapi?"

"Kuingia."

Nilingoja. Kwa jibu la namna ile, muhula uliopita ningefyeka uwanja mzima wa mpira, naye angesimama pembeni na mwavuli wake kuhakikisha, mpaka nyasi ya mwisho. Alinitazama, akaitazama karatasi, akapitisha kidole kwenye jina langu kutoka mstari wa juu mpaka wa chini. Kisha akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akaniambia niende.

Sikuwahi kutamani adhabu kama siku ile.