Arobaini na Tatu kwa Sita

Jumanne, baada ya mapumziko ya saa nne, Mwalimu Rispah aliwaandikia gredi ya tano swali ubaoni: "Wanafunzi 43 wanapangwa katika vikundi vya watu sita. Vikundi ni vingapi? Wanabaki wangapi?" Kwa kuwa darasa lenyewe lilikuwa na wanafunzi arobaini na watatu, akawatoa uwanjani wajigawe. Wakashikana mikono sita sita mpaka vikundi vikawa saba. Chiku, binti wa Mbeyu, akabaki peke yake kando ya tangi la maji.

"Jibu?" mwalimu akauliza.

"Vikundi saba, anabaki mmoja," wakajibu kwa pamoja. Chiku naye alijibu.

Kesho yake jina la Chiku lilipoitwa, aliitika. Mwalimu akatia alama, akahesabu alama zote, akapata arobaini na mbili. Akahesabu vichwa, akapata arobaini na viwili. Chiku alikuwa ameketi dawati la mbele, sare imepigwa pasi, penseli mkononi. Alionekana vizuri, isipokuwa hakuhesabika. Uji ulikuja vikombe arobaini na viwili, na mwalimu akampa kikombe chake.

Ijumaa Mwalimu Rispah alikwenda Majoreni kumweleza Mbeyu. Alimkuta uani akishona makuti ya kuezekea hoteli za Diani.

"Chiku amebaki," alisema. "Kosa ni langu, nilitoa swali bila kufikiri."

Mbeyu hakuinua macho. "Mimi hufunga makuti ishirini ishirini. Yanayobaki siyatupi, mwalimu. Huezekea jiko langu."

"Najua, Mama Chiku."

Mbeyu hakuogopa mpaka Jumatatu. Siku hiyo watoto sita walikuwa wakivuka barabara ya Lungalunga, Chiku akiwa wa mwisho. Dereva wa lori alisimama, akawaangalia wakipita, kisha akatia gia. Chiku alijitupa mtaroni, akachunika magoti yote mawili. Dereva alishuka, akamwinua.

"Wallahi nimewahesabu, mama," alimwambia Mbeyu alipofika mbio. "Watano. Nikangoja wa tano amalize kuvuka."

Mtu yule alikuwa amehesabu sawasawa. Jioni alihesabu watu wa nyumba yake, ambao walikuwa wawili, akapata mmoja. Tangu hapo alimfunga Chiku kiunoni mwake kwa leso, wakaenda kisimani hivyo, na dukani hivyo, na usingizini hivyo. Shuleni watoto walianza kutembea wameshikana mikono. Hata chooni hakuna aliyekubali kwenda peke yake.

Mwezi haukuisha kabla ofisi ya elimu haijamtuma Bwana Harrison. Wazazi waliitwa kwenye ukumbi mmoja Msambweni, kila mmoja na mtoto wake aliyebaki, maana somo lile lilikuwa limefundishwa shule zote. Walitoka Tiwi mpaka Vanga. Bwana Harrison hakuweza kuwahesabu watoto, kwa hiyo akahesabu wazazi. Walikuwa kumi na saba.

"Mtoto akijazwa kwenye fomu, atahesabika," alisema. "Fomu moja ina nafasi tano. Mashine haipokei fomu yenye nafasi tupu."

Fomu tatu zikajaa. Walibaki wawili waliokuwa wameketi benchi la nyuma kabisa: Chiku, na mvulana wa Tiwi aitwaye Boga, aliyeletwa na nyanyake.

"Tukipata watatu wengine nitafungua fomu ya nne," Bwana Harrison alisema kwa upole.

"Watatoka wapi, mwanangu?" nyanya akauliza.

"Itabidi wabaki kwanza, bibi."

Kufika nyumbani, Mbeyu alitandaza makuti arobaini na mawili uani. Aliyagawa kwa manne, yakabaki mawili. Aliyagawa kwa tisa, yakabaki sita. Aliyagawa kwa kumi na matatu, yakabaki matatu. Akaketi akiyatazama yale matatu mpaka Chiku akavuta leso kumwambia ana njaa.

Asubuhi alisimama mlangoni pa darasa, mwanawe kiunoni. Watoto wakasimama. "Shikamoo, Mama Chiku!"

"Marahaba, wanangu." Kisha akasema, "Mwalimu, leo wagawe kwa kumi na tatu."

Mwalimu Rispah hakuuliza kwa nini. Alikuwa amepata jibu hilo siku nyingi, akalificha. Akachukua chaki. "Nitawagawa. Ila hao watatu unitajie wewe."

Mbeyu akatazama madawati. Alimwona Biasha, aliyelala kwake wiki nzima mamake alipojifungua. Alimwona Luqman, aliyemletea Chiku daftari lake lilipodondoka mtaroni. Hakuna mtoto aliyeinua uso. Chini ya madawati mikono yote ilikuwa imeshikana, na mahali fulani nyuma mkojo ulisikika ukidondoka sakafuni. Mbeyu akafungua mdomo. Jina la kwanza lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Wafundishe kitu kingine," alisema.

Akapita katikati ya madawati, akaketi sakafuni nyuma ya darasa, Chiku pembeni yake. Akawa anakuja kila siku. Makuti alishonea hapohapo, na watoto wakazoea.

Ofisi ilitangaza kwamba watoto wote wa kwenye fomu wamehesabiwa. Mwisho wa muhula mtihani ukaja katika bahasha iliyofungwa, karatasi arobaini na mbili. Chiku alinakili maswali kutoka kwa Biasha, akayajibu kwenye daftari lake akiegemea goti la mamake. Mwalimu Rispah akamsahihishia kwa wino mwekundu, akampa hamsini kwa hamsini. Halafu akajumlisha alama za darasa zima, mara ya kwanza bila za Chiku, mara ya pili pamoja nazo. Jumla ilikuwa ileile.