Boti ya Tatu

Mama yangu, Migdalia, alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa ya kitalii hapa Orlando, akikunja mashuka ya watu waliokuja kwa ndege kutoka kila pembe ya dunia. Miaka yote hiyo hakununua hata leso kwenye yale maduka ya kando ya ziwa, ambako wageni hushushwa na boti kutoka hotelini waje kula, kusikiliza muziki na kujaza mifuko. "Pale ni pa watu wasiouliza bei," alikuwa akisema. Kwa hiyo Ijumaa moja ya Agosti aliponipigia simu na kuniambia, "Nelly, kesho mnipeleke kule kwenye maduka ya ziwani, nataka viatu," nilimuuliza kama ana homa.

"Homa unayo wewe," akanijibu. "Mje wote. Na Orvil avae shati lenye kola."

Orvil ni mume wangu, fundi wa viyoyozi, mtu mnene na mpole asiyependa kitu chochote kimguse shingoni.

"Kola ya nini?" akalalamika. "Tunaenda dukani au mahakamani?"

"Vaa tu. Unamjua mama."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Mimi naendesha basi la shule, na nilijua kuanzia Jumatatu sitapata hata nafasi ya kujikuna. Binti yetu Yarimar, mwenye miaka kumi na minne, alihitaji begi na raba mpya, basi nikaona safari ni moja, shughuli mbili. Tukamchukua mama kwake Kissimmee. Alitoka amepaka rangi ya mdomo. Saa nne asubuhi, na joto lile, rangi ya mdomo! Yarimar akanitazama, mimi nikatazama barabara.

Begi lilipatikana upesi, raba zikapatikana baada ya vita kidogo. Kisha ikafika zamu ya mama. Alijaribu jozi kumi na moja, nilizihesabu. Binti wa duka alipanda na kushuka ngazi mpaka jasho likamtoka. Mwishowe mama akavaa viatu vya rangi ya damu ya mzee, kisigino kifupi, mkanda ukizunguka kifundo, soli ya ngozi. Akasimama mbele ya kioo. Halafu, bila aibu, akapiga hatua tatu mbele, tatu nyuma, akageuka kwenye kisigino kama pia.

"Hivi havitelezi sana wala havigandi," akasema. "Ndivyo vyenyewe."

"Mama," nikamuuliza, "hivyo ni vya kuendea kanisani?"

"Hata kanisani vinafika."

Orvil alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akijipepea kwa mfuniko wa boksi. "Bibi harusi mzima," akasema kwa utani. Mama alimkazia macho kwa namna ambayo, ningekuwa na akili siku ile, ingenitosha kuelewa.

Alikataa kuvivua. Viatu vya zamani vikaingia kwenye mfuko, vipya vikabaki miguuni. Nilidhani sasa tunakwenda kula, lakini yeye akashika njia ya gatini.

"Gari liko nyuma huko, mama."

"Nimefua mashuka ya wapanda boti miaka ishirini na miwili. Leo nami napanda."

Tukaenda tukakaa kwenye benchi la gati, chini ya paa la mabati. Boti ya kwanza ikaja, mwanamke kijana kashika usukani. Mama akaitazama. "Imejaa," akasema. Ilikuwa na watu sita. Ikaja ya pili. "Hii inanuka mafuta." Mimi sikusikia harufu yoyote ila ya mahindi ya bisi. Wakati huo mawingu meusi yalikuwa yakijikusanya upande wa magharibi, kama kawaida yetu ya Agosti, na nikaanza kukereka.

Yarimar akanisogelea sikioni. "Mami, bibi anasubiri mtu."

"Mtu gani? Acha upelelezi wako."

Ikaja boti ya tatu. Nahodha wake alikuwa mzee mrefu, mweusi, ndevu nyeupe zimechongwa vizuri, kofia imeketi sawasawa kichwani. Aliifunga kamba, akainua uso, akamwona mama, na uso wake wote ukafunguka.

"Mida!" akaita.

Mida! Kwa jina hilo humwita dada zake tu waliobaki Ponce, kisiwani kwetu. Mama akainuka, akaweka miguu yake sambamba ili viatu vionekane. Yule mzee akavitazama, akatikisa kichwa kwa mshangao kama mtu aliyeonyeshwa gari jipya. Halafu akatuona sisi wengine, akavua kofia haraka.

"Nelly," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kuniagiza chumvi, "huyu ni Cleophus Gadsden. Tunaoana Januari."

Kabla sijafungua mdomo, radi ilipiga ng'ambo ya ziwa, tena karibu. Kipaza sauti kikatangaza kwamba boti zote zimesimama mpaka hali ya hewa itulie, na abiria wakae chini ya paa. Mvua ikashuka kama imemwagwa kwa ndoo. Abiria wa Cleophus wakakimbilia tulipo, na mara tukawa watu arobaini tumebanana pale, mifuko ya maduka miguuni, mimi uso kwa uso na mama yangu, pa kutokea hapana.

"Tangu lini?" nikauliza. Kwa Kihispania, nikidhani nimejisitiri.

"Miaka miwili."

"Mlikutana wapi?"

"Jumatano."

"Jumatano siyo mahali, mama, ni siku! Tena Jumatano mimi nakupeleka kwa mkono wangu kituo cha wazee, kwenye ushonaji!"

"Ukiingia pale, mlango wa kushoto ni ushonaji," mama akasema taratibu. "Wa kulia ni dansi."

"Miaka miwili nawaambia watu mama yangu anashona!"

"Ndiyo maana hatujawahi kuona hata foronya," akasema Orvil.

"Orvil, nyamaza!"

Pembeni yetu alikuwa ameketi bibi mmoja mgeni kutoka Wisconsin, amevaa kofia yenye masikio ya panya, mikono juu ya mkoba wake. Nikamsikia akimwuliza Yarimar kwa Kiingereza, "Wanasema nini, mpenzi?" Na mwanangu, damu yangu mwenyewe, akaanza kumtafsiria neno kwa neno. Nyuma ya yule bibi watu wengine walisogeza shingo.

"Umengoja kunileta hapa mbele za watu ili iweje?"

"Ili usipige kelele. Nyumbani ungepiga."

"Sipigi kelele!" nikapiga kelele.

"Anasema hapigi kelele," Yarimar akatafsiri, na gati zima likacheka. Hata mama aliuma mdomo. Mimi sikucheka. Neno nililokuwa nimelizuia tangu mwanzo likatoka.

"Na Baba?"

Yarimar hakulitafsiri hilo. Baba yangu, Heriberto, alikuwa amefariki miaka sita nyuma, kwa maradhi ya mapafu yaliyomla polepole.

Mama akanishika mkono. "Baba yako nilimuuguza mwaka mzima, na macho yake niliyafumba mimi. Hakuna nilichomnyima. Nilimlilia mpaka nikamaliza, na nilipomaliza nikakuta bado niko hai. Hilo sikulipanga, mwanangu. Ungetaka nifanye nini nalo?"

Nikamwachia mkono, nikaenda kusimama mwisho wa paa, pale matone yanaporuka na kukulowesha magoti. Nilikuwa na hasira, lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa kingine. Kila Jumatano nilimshusha mlangoni, nikamwambia "haya, kashone," nikaondoka bila kugeuka. Siku moja tu ningeingia ndani ningejua. Sikuingia.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Ni Cleophus, kofia mkononi, na Kihispania chake kama gari bovu linalopanda mlima.

"Binti Nelly. Mimi... mimi namhesabu sana mama yako."

"Unamhesabu?"

Akafumba macho, akatafuta neno. "Namheshimu! Namheshimu. Mungu wangu. Nimelifanyia mazoezi wiki nzima."

Nilitaka kubaki na uso wangu wa kesi, lakini ulinikataa. Nikamwambia aongee Kiingereza tu, asije akamuuza mama kwa bahati mbaya. Akashusha pumzi.

"Mke wangu alikuwa akiitwa Odessa," akasema. "Ana miaka tisa kaburini. Picha yake iko sebuleni kwangu, na itabaki pale. Mama yako alipokuja mara ya kwanza, mimi natetemeka, nadhani atanuna. Akaitazama, akasema, 'Fremu ina vumbi, wewe mwanamume huoni haya?' Akaomba kitambaa akaifuta." Akangoja ngurumo ipite. "Ameniambia picha ya baba yako itakuja naye. Ameshachagua ukuta. Ule unaopigwa na jua la asubuhi, kwa sababu marehemu alipenda kuamka mapema."

Ni kweli. Baba aliamka saa kumi na moja hata Jumapili, akatuudhi sote kwa redio.

Nilitazama maji yakichemka kwa matone. Kisha nikamgeukia kama ninavyowageukia watoto wa basini wanaodai wamesahau kazi ya nyumbani.

"Shinikizo la damu unalo?"

"Ninalo. Dawa nameza kila asubuhi."

"Unakoroma?"

"Odessa alisema nakoroma. Mama yako bado hajui, na naomba usimwambie kabla ya Januari."

"Wali wa mbaazi unakula?"

"Wa mama yako? Nilikula sahani tatu. Nilishindwa kufunga mkanda wa usukani."

"Usukani hauna mkanda."

"Basi unaona nilivyoshiba."

Hapo nikacheka, sikuweza kujizuia, na mama aliyekuwa akijifanya anapanga mifuko akainua kichwa upesi kama kuku aliyesikia mtama.

Wanamuziki watatu waliokuwa wakipigia wageni kando ya maji walikuwa wamekimbilia palepale kwenye paa letu, na yule wa ngoma, kwa kuchoka kusubiri, akaanza kugonga taratibu. Wa gitaa akamfuata. Mama hakungoja kuombwa. Akamnyooshea Cleophus kidole, akakikunja. Watu wakasogea, wakapangua mifuko yao, pakapatikana nafasi ya ukubwa wa mkeka.

Sikuwahi kumwona mama akicheza namna ile. Na baba alicheza naye, ndiyo, kwenye harusi na Krismasi, lakini baba alicheza kama mtu anayetimiza wajibu. Huyu alijua. Alimzungusha, akampokea, akampisha aongoze, na vile viatu vya damu ya mzee vikapiga mbao za gati bila kukosea hata pigo moja. Mama alikuwa na miaka sitini na tisa. Alicheka mdomo wazi, jino la dhahabu likang'aa.

"Mwambie bibi yako ana bahati," yule mgeni wa Wisconsin akamwambia Yarimar.

"Babu huyu ndiye mwenye bahati," Yarimar akamjibu.

Babu huyu! Nilimsikia vizuri. Neno lilimtoka lenyewe, bila kuombwa na mtu. Orvil akanishika kiuno, akanivuta uwanjani, akanikanyaga mara mbili ndani ya dakika moja.

"Na wewe kuanzia Jumatano unaenda," nikamwambia.

"Kwenye ushonaji?"

Mvua ilikatika ghafla, kama ilivyokuja. Kipaza sauti kikaita boti zirudi kazini. Cleophus akavaa kofia, akawashika wageni mikono mmoja mmoja wakipanda, na alipofika kwangu akasita.

"Unapanda, Binti Nelly?"

"Leo sipandi. Nina kazi na mama yangu. Lakini Jumapili ijayo saa saba mchana uwe kwangu, mezani. Orvil ataoka nguruwe. Na uje na shati lenye kola."

Akapiga saluti. Boti ikasogea, na mama akabaki anaipungia mpaka ikakata kona penye miti ya mivinje.

"Kazi gani tuliyo nayo?" akaniuliza.

"Una viatu. Nguo huna."

Akapitisha mkono wake kwapani mwangu, tukarudi madukani. Tulibishana kila duka. Yeye alitaka mikono mifupi, mimi nikasema Januari kunaweza kuwa na baridi. Yeye alitaka nyekundu, mimi nikamwambia yeye si ajuza wa sarakasi. Yarimar ndiye aliyetoka nyuma ya viango na gauni la bluu iliyokoza, kitambaa kizito kinachoanguka vizuri, shingo ya mraba. Tukalishika wote wawili kwa pamoja.

Chumba cha kujaribia kilikuwa chembamba, nikaingia naye kumfungia zipu. Mgongo wake umekuwa mdogo kuliko ninavyoukumbuka, na alama ya kisu cha daktari bado iko chini ya bega. Zipu ikakwama katikati, nikaivuta kwa nguvu.

"Polepole," akasema. "Hakuna anayetufukuza."

Nikashusha kidogo, nikapandisha tena, ikapita. Akageuka, akajinyoosha, akaona macho yangu.

"Wewe Nelly," akasema, akinifuta shavu kwa kidole gumba, "usinidondoshee machozi kwenye nguo ya watu."