Jinsi Padri Reginbodo Alivyoukataa Uaskofu

Kiti cha uaskofu cha Eschenfurt kilikuwa kimekula watu wanne ndani ya miaka sita. Wa kwanza aliuawa na homa akimsindikiza kaisari kwenda Roma, wa pili alianguka farasini, wa tatu alisakamwa na mwiba wa samaki aitwaye mkunga katikati ya Kwaresima. Wa nne aliketi tu, akafa. Kwa hiyo makanoni, yaani mapadre wa kanisa kuu wenye haki ya kuchagua askofu, walipomtaja mwenzao Reginbodo, alirudi nyuma akitafuta mlango. Alikuwa na mizinga kumi na tisa ya nyuki na hamu kubwa ya kuzeeka.

"Jamani, sitaki!" alipiga kelele.

Wakashangilia. Desturi ya pale ilimtaka mteule akatae mara mbili na kukimbia, ndipo aburutwe na kukalishwa juu ya altare. Akishakaa, wa kumshusha ni Mungu peke yake.

"Moja hiyo!" alisema Volkwin, mkuu wao, akisugua mikono.

"Nasema kweli, Mkuu, nitakufa!"

"Mbili! Lo, huyu anajua kukataa. Yule wa mkunga alikataa huku keshavaa pete!"

Reginbodo akatoka mbio, pindo la kanzu mkononi, akazunguka nguzo, akaruka kaburi la askofu wa pili. Wazee wakamfuata wakihema na kucheka, maana hawajapata kuona unyenyekevu wenye miguu mepesi vile. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni: wakamdaka mlangoni mwa sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, wakambeba juujuu.

Akiwa hewani, akapata akili. Anayeutamani uaskofu hastahili kupewa. Hilo kila kanoni alilijua.

"Basi nautaka!" alinguruma. "Nipeni! Nimeutamani siku zote, mmenichelewesha tu!"

Kicheko kikakatika. Volkwin akauachia mguu aliokuwa ameushika. Reginbodo alipogusa sakafu kwa unyayo mmoja, alijawa na furaha ambayo hata asali haijawahi kumpa.

Ndipo mzee Hartrad, kanoni kipofu aliyekwisha kuchagua maaskofu tisa, alipoinua mkono.

"Miaka arobaini, wanangu," alisema, "nawasikia watu wakidanganya mbele ya altare hii. Leo mmoja kasema kweli. Mnyanyueni!"

Wakamnyanyua. Kengele zikapigwa mji mzima. Askofu mpya alikuwa juu ya altare akilia kwa kwikwi, na Volkwin, akimpangusa machozi, alimwambia asione haya, furaha ni furaha.