Jina Nililolimeza

Kwa miaka thelathini hakuna arusi kubwa ya Kiislamu mjini Bujumbura niliyoikosa. Mimi Mwanvua, mwimbaji wa mtaa wa Bwiza, nikishika kipaza sauti, hata wanaume walioko nje na sahani zao za pilau hunyamaza. Redio huniita kila Idi. Wagombea uchaguzi huja kwangu kwa adabu, wakitaka niwataje mbele ya watu. Basi kaka yangu Yahaya aliporudishiwa barua ya posa ya mwanangu, nilicheka. Nikamwambia hakujua kusema, nitakwenda mwenyewe. Kiburi si maungwana.

Mwanangu Twalibu ni fundi wa magari kule Cibitoke. Malori yote ya Mzee Sleiman, mwenye duka la vitambaa Quartier Asiatique, mtaa wa Waarabu na Wahindi, yeye ndiye huyatengeneza. Alikuwa akipendana na Nura, binti wa Sleiman, kwa mwaka wa tatu, na Nura alimwambia baba yake waziwazi: ni huyu au hakuna.

Mimi na Twalibu tulikaribishwa nyumbani kwa Sleiman kwa kahawa na tende. Sleiman hakunivunjia heshima hata kidogo.

"Mama Twalibu, mutoto wako hana kosa," alisema. "Anasali, anatumika kazi vizuri. Lakini ndoa iko na kufu, watu wa kulingana nasaba. Nasaba yetu, we unaijua kupita mi."

Niliijua kweli. Katika kila arusi ya ukoo ule huimbwa majina ya wazee wao, baba baada ya baba, mpaka Oman. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha. Tulipofika kwenye jina la Salum, babu yake Sleiman, bibi aliniwekea kidole mdomoni. "Mama yake aliitwa Faida," aliniambia, "Mmanyema wa Rumonge, mweusi kama sisi. Hilo jina unalimeza." Nikalimeza. Niliona ndiyo adabu ya mwimbaji.

Nikiwa na kikombe mkononi, nilianza kuzikumbuka arusi zao. Wasichana wa Bwiza waliolewa mle, nikawaimbia mimi. Kijana wetu aliyeoa mle, hata mmoja. Zamani nilidhani kila posa ilikataliwa kwa sababu yake: huyu maskini, yule mlevi. Leo aliyekaa mbele yao hakuwa na kasoro, na jibu lilikuwa lile lile. Wao wakioa kwetu ni sunna. Sisi tukiposa kwao ni kufu. Niliona aibu kwamba nilihitaji uchungu wa mwanangu ili nione.

"Baba Nura," nikasema, "mama ya Salum alikuwa mutu mweusi. Faida njo jina lake. We na mi ni damu moja."

Sleiman hakukasirika. Alitoa simu, akatafuta kidogo, kisha sauti yangu ikajaa sebuleni. Ilikuwa arusi ya mwanawe Haitham. Niliimba: *damu safi ya Maskati, haikuchanganyika.* Mstari huo haukuwa wa bibi yangu. Niliutunga mwenyewe, kwa sababu nilitaka vigelegele, na nilivipata.

"Iyi sauti ni ya nani?"

"Yangu."

"Watu wote wa Buja wanakuamini, Mama. Ata mi nilikuwa nakuamini. Leo nitawaambia nini?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa anajifanya. Hakumjua Faida huyo, mama wa babu yake, hakuwahi kumsikia. Mimi ndiye niliyemfuta.

Nje, Twalibu alisimama kwenye jua, mikono mifukoni.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Toka zamani?"

"Toka zamani, mwanangu."

"Wao wamenikataa leo," alisema taratibu. "We ulinikataa toka mbele nizaliwe, na watu wakapiga vigelegele."

Akasimamisha teksi, akanifungulia mlango kwa heshima zake zote, akaufunga. Yeye akaenda kwa miguu, na nyumbani hakurudi kwa siku nne.

Niliacha kuimba. Nilijiambia kwamba nikinyamaza, uongo wangu nao utakufa. Mwezi uliopita Nura aliolewa na binamu yake. Hawakunialika na sikwenda. Lakini shoga yangu Khadidja alikwenda, akarudi amefurahi, akanishika mkono mlangoni.

"Walikuweka mu baffle, mu spika kubwa, Mwanvua," aliniambia. "Ule wimbo wa arusi ya Haitham. Ulisikika mpaka barabarani."