Mtoto wa Mama Mwamba

Usiku wa jana niliota birika langu linanipasha habari, na birika hilo halijawahi kunidanganya. Likasema Mama Mwamba, yule wa mlimani, amejifungua udongo. Mimi shughuli hainipiti. Nikajitanda kanga, nikafungua mlango wa jikoni, nikatokea mlimani.

Nyumba imejaa. Mawe yamekaa mikekani, yanakunywa uji wa pilipili manga. Mama Mwamba amejilaza, ana ufa mpya ubavuni, anacheka. Ananipakatisha mtoto: mweusi, chengachenga, mwepesi kama unga. Nikamfunua nimwone tabaka za udongo, kama mbea yeyote. Hana hata moja. Juu yeye, chini mama yake mtupu.

"Bado mdogo, shoga," akasema Mama Mwamba. "Tabaka ni nguo za ukubwani."

Hapo wingu likapiga hodi. Ni mkunga, Bi Masika, na ndoo zake, kaja kumwogesha mtoto. Mama Mwamba akaninong'oneza kwamba wote waliotangulia waliogeshwa hivyohivyo, wakateremka na maji hadi bondeni, wanalelewa huko na watu baki. Huyu akipata Ukoka wa kumshika atabaki. Na Ukoka yuko njiani, ila nyasi yule huja kwa kutambaa.

Mkunga hafukuzwi. Lakini huzungumzishwa.

"Bi Masika," nikamwambia, "ya harusi ya Zulekha umeyapata?"

Akatua ndoo. "Sijayapata."

Nikamweleza bwana harusi alivyokutwa uvunguni anakula pilau, mama mkwe kamshikia taa. Namaliza moja, napachika jingine. Karne zinapita, uji unapoa, Bi Masika anasema "ehe". Mwishowe Ukoka akaingia kwa magoti, akaomba radhi kwa kuchelewa, akamkumbatia mtoto kwa vidole vyote. Kimoja kikakosea, kikanishika mimi.

"Haya, mwogeshe sasa," nikasema.

Bi Masika akamimina. Maji yakateremka peke yake. Mtoto akabaki mapajani kwangu, akapiga chafya.

Vigelegele vikapasua mlima. Mawe yakacheza mpaka yakapata nyufa, na kila lililopata ufa likajifungua papo hapo, mkekani. Ikabidi uji upikwe upya.

Nikaamka sauti imenikauka. Nikanyoosha mkono nizime kengele ya simu. Kidole changu cha mwisho kimezungukwa na mzizi mweupe, mwembamba kama uzi, wenye chembe nyeusi.

Nikauvuta kidogo. Ukakaza.